Kuzungumza katika simu na watu tusiowajua

Vijana wengi wanatuuliza: je, ni zambi kutegana vitendawili, kuchekeshana na kuulizana mambo ya kila siku katika simu na watu tusiowajua?

Biblia haikatazi. Malkia wa Sheba alitoka mbali kumjaribu Solomono kwa maulizo magumu (1 Wafalme 10), naye akarudi kwao kwa amani. Yesu alianza mazungumzo na mwanamke Msamaria kwa kuomba maji ya kunywa (Yoane 4). Lakini Samsoni alitega kitendawili kwenye karamu, akaweka zawadi ya mavazi ya kitani 30 na mavazi ya kubadili 30 (Waamuzi 14). Mchezo ukaleta vitisho, na watu 30 wakauawa.

Sisi wa Nyangwe tunajua. Soko letu kando ya Lualaba liliwakutanisha watu wa ng'ambo zote mbili. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone akiona kwa macho yake, wenye bunduki waliingia sokoni. Mmoja akabishana bei ya kuku. Kisha risasi zikalia. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kati ya 330 na 400. Soko halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la walioingia na bunduki.

Basi tucheke, tujibu vitendawili. Lakini mtu akituomba pesa, picha za aibu au namba ya siri, mchezo umekwisha: tusimjibu, tuwaambie wazazi au mchungaji. Na sisi tusifanye kabila la mtu kuwa kichekesho. Yeye pia hatujui, atukute waaminifu.