Kihisi cha Mahali Kinachoundwa Karakanani: Istilahi za Upimaji kwa Mtazamo wa Fundi wa Giheta

Ikisiri

Makala haya yanafafanua jinsi kihisi cha kupimia mahali kwenye mashine za karakana kinavyoweza kuundwa kwa vifaa vilivyokwisha kutumika, jinsi kinavyofanya kazi, na mahali uwezo wake unapokoma. Hoja inayojengwa ni kwamba kinachompotosha fundi mara nyingi si kifaa, bali ni jina linalopewa tarakimu anazozisoma. Kwa hiyo istilahi za upimaji zinastahili nafasi katika sera ya lugha na ya mafunzo ya ufundi.

Utangulizi

Giheta, katika Gitega ya Burundi, inajulikana zaidi kwa kilima cha Gishora na ngoma zake. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Mchonga ngoma hupima kwa jicho na mkono, na kazi yake haidai zaidi ya hapo. Hali ni tofauti kwa fundi wa chuma anayetakiwa kukereza shafti ya mashine ya kusagia mahindi. Huyo anahitaji kujua kisu chake kimesogea kiasi gani, kwa sehemu za milimita.

Katika kerezo kuukuu, ambalo mafundi wengi huliita lethi, kipimo husomwa kwenye gurudumu la mkono. Parafujo ikichakaa, gurudumu huzunguka kidogo kabla ya kisu kusogea. Usomaji basi hueleza mzunguko wa mkono, si mahali kisu kilipo. Kihisi kinachofungwa moja kwa moja kwenye sehemu inayosogea huukwepa udhaifu huo.

Muundo na utendaji

Njia iliyo rahisi kupatikana ni printa ya wino iliyoharibika. Ndani yake mna utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari myeusi iliyopangwa kwa nafasi sawa, pamoja na jicho la umeme linaloisoma mistari hiyo. Utepe hunyoshwa na kufungwa kwenye mwili wa mashine, nalo jicho hufungwa kwenye sehemu inayosogea. Kompyuta ndogo ya chipu moja, mathalani Arduino, huhesabu mistari inayopita.

Jicho hilo kwa hakika ni macho mawili, yaliyotenganishwa kwa robo ya nafasi kati ya mstari na mstari. Sehemu ikienda kulia, jicho la kwanza hutangulia kuona giza. Ikirudi kushoto, hutangulia la pili. Hivyo kompyuta hujua mwelekeo, ikaongeza au kupunguza hesabu. Aidha, macho mawili hutoa mabadiliko manne kwa kila mstari, jambo linaloigawa nafasi moja kuwa hatua nne.

Chukulia utepe wenye mistari 180 kwa inchi. Nafasi ya mstari ni milimita 25.4 kugawanya kwa 180, yaani takriban 0.141. Robo yake ni takriban milimita 0.035, nayo ndiyo hatua ndogo kabisa inayosomeka. Kwenye kerezo, kisu kikiingia kwa hatua hiyo moja, kipenyo cha kazi hupungua kwa mara mbili yake, yaani milimita 0.07.

Hapo ndipo mpaka unapoonekana. Shafti ya kipenyo cha milimita 25 inayokaa kwenye beringi, ikikerezwa kwa daraja la k6 linalotumika sana, inaruhusiwa kuzidi kipenyo hicho kwa milimita kati ya 0.002 na 0.015 tu. Hatua moja ya kihisi ni pana kuliko nafasi yote inayoruhusiwa. Kihisi hiki basi kinafaa kwa kazi ya mbao, kwa kupanga matundu ya kutoboa na kwa ukerezaji wa awali. Mikato ya mwisho ya shafti lazima ikaguliwe kwa maikromita.

Makosa matatu mengine hayaonekani kwenye kioo. La kwanza ni joto: chuma cha pua cha kawaida na chuma cheusi hutanuka kwa viwango tofauti, na plastiki hutanuka zaidi ya chuma cheusi. La pili ni umbali kati ya kihisi na ncha ya kisu, kosa lililoelezwa na Ernst Abbe mwaka 1890. Kihisi kikiwa milimita 100 kutoka kwenye kisu, na sehemu inayosogea ikayumba kwa sehemu moja ya kumi ya digrii, kosa hufikia takriban milimita 0.17. La tatu ni uchafu: kinyolewa kimoja cha chuma kikiziba jicho, hesabu hupotea bila onyo.

Majina matatu, maana tatu

Mtihani rahisi hudhihirisha tatizo la lugha. Fundi asogeze meza hadi kihisi kionyeshe milimita 100, apime safari hiyo kwa kifaa kilichothibitishwa, kisha arudie mara 10. Tuseme kila mara kifaa hicho kinatoa 100.30. Kihisi kinarudia vilevile bila kutetereka, lakini hakisemi kweli. Kosa la namna hiyo husahihishwa kwa kuzidisha hesabu kwa 1.003. Kama majibu yangetawanyika, kizidishi kisingesaidia.

Kuna basi sifa tatu: udogo wa hatua inayosomeka, uwezo wa kurudia jibu lilelile, na ukaribu wa jibu na ukweli. Katika mazungumzo ya kawaida zote tatu huitwa “usahihi”. Fundi anayeona tarakimu tatu baada ya nukta huamini kwamba amepata sifa ya tatu, kumbe amepewa ya kwanza tu.

Burundi ina mtego wa ziada. Msamiati wa kimataifa wa metrolojia, ambao toleo lake la tatu lilitolewa mwaka 2008 kwa Kifaransa na Kiingereza, huiita sifa ya pili *fidélité* kwa Kifaransa na *precision* kwa Kiingereza. Lakini Mfaransa asemapo *précision* katika mazungumzo ya kawaida, mara nyingi hukusudia sifa ya tatu. Fundi aliyesoma kwa Kifaransa Gitega na mwenzake aliyesoma kwa Kiingereza ng'ambo ya mpaka wa Kobero wanaweza kutumia neno la sura moja wakaafikiana juu ya vitu viwili. Kosa hilo hugunduliwa beringi inapokataa kuingia.

Mapendekezo

Kiswahili kina nafasi ya kuutegua mtego huu kwa sababu hakijafungwa na historia ya maneno hayo. Yanapendekezwa maneno *hatua ya usomaji* kwa sifa ya kwanza, *urudifu* kwa ya pili, na *usahihi* kwa ya tatu pekee. Mrundi hatakuwa mgeni kabisa katika uwanja huu: *kupima* kwa Kiswahili ni *gupima* kwa Kirundi.

Kila istilahi iambatane na mtihani wake wa karakanani, si fasili peke yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na mashirika ya viwango ya nchi wanachama, likiwemo BBN la Burundi, katika kuzisanifisha. Vyuo vya ufundi navyo vifundishe uundaji wa kihisi hiki, kwa kuwa mwanafunzi aliyekiunda mwenyewe na kukithibitisha huzijua sifa hizo tatu kwa mikono yake.

Hitimisho

Kihisi cha utepe hakimpi fundi wa Giheta karakana mpya. Humpa jibu la swali moja, kisu kiko wapi, kwa hatua ya 0.035 ya milimita. Thamani ya jibu hilo inategemea kama fundi, mwalimu wake na mteja wake wanaliita kwa jina moja.