Maswali Kabla ya Kisu

Mgonjwa akishalala kwa dawa ya usingizi, hawezi tena kusema kwamba ngiri yake iko upande wa kulia, wala kwamba penisilini humvimbisha uso. Kuanzia hapo usalama wake hautegemei ustadi wa mkono wa daktari peke yake. Hutegemea pia habari ndogondogo zinazofika, au zinazopotea, baina ya watu wachache waliokizunguka kitanda.

Ili habari hizo zisipotee, mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, iliyoandaliwa chini ya uongozi wa Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Marekani. Ni karatasi ya ukurasa mmoja, na husomwa kwa sauti mara tatu.

Mara ya kwanza ni kabla ya dawa ya usingizi. Huhakikishwa jina la mgonjwa, aina ya upasuaji, mahali pa kupasuliwa na ridhaa yake. Huulizwa kama ana mzio, na kama kipimo cha oksijeni kimevishwa kidoleni na kinafanya kazi. Hukadiriwa pia kama mgonjwa, akiwa mtu mzima, anaweza kupoteza damu zaidi ya mililita 500, ili njia za kumwongezea maji na damu ziwe tayari kabla hazijahitajika.

Mara ya pili ni kabla ya ngozi kuchanwa, na hapa ndipo penye uzito. Kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Jambo hilo laweza kuonekana la adabu tu, lakini muuguzi aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi wa kusema tena anapoona kosa, hata kama anayekosea ni bingwa. Kisha huulizwa kama antibiotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Dawa hiyo inapaswa kuwa imeshaenea mwilini kisu kinapogusa ngozi: ikitolewa mapema mno nguvu yake hupungua, na ikichelewa bakteria huwa wameshaingia.

Mara ya tatu, kabla mgonjwa hajatolewa, vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa, na vipande vya nyama vinavyopelekwa maabara huandikwa jina la mwenyewe.

Orodha hiyo ilijaribiwa kati ya 2007 na 2008 katika hospitali nane za miji minane, miongoni mwao Ifakara, London, Manila na Seattle. Wagonjwa wapatao 3,700 walifuatiliwa kabla ya kuanza kuitumia, na zaidi ya 3,900 baadaye. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Haikuwa hivyo kila mahali. Katika jimbo la Ontario, Kanada, ambako hospitali zilitakiwa kutangaza kiwango cha utumiaji wake, utafiti wa mwaka 2014 uliohusu hospitali 101 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Wengi waliojadili tokeo hilo walitaja jinsi orodha inavyotumiwa. Kuweka alama ya vema kwenye kila kisanduku kunawezekana bila mtu kuuliza swali wala kungoja jibu, na karatasi iliyojazwa hivyo haimlindi mgonjwa.

Shirika liliziruhusu hospitali kuongeza vipengele vinavyofaa mazingira yao, lakini likazisihi zisiondoe kipengele kwa sababu tu uwezo wa kukitekeleza haupo. Kipimo cha oksijeni ni mfano mzuri, kwa kuwa hospitali nyingi maskini hazikuwa nacho. Kinapokosekana, swali lake hubaki palepale: daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi hupima hali ya mgonjwa, na kama si dharura ya kuokoa uhai au kiungo, hufikiria kuahirisha upasuaji mpaka kipatikane.