TUNDA LA MSIMU LIENDE SHULENI NA MTOTO

Januari, shule zinapofunguliwa, maembe bado ni mengi Kilosa. Mengine huoza chini ya miti. Kule Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, wasafiri hununua matunda na kuendelea na safari. Lakini watoto wetu wengi huenda shuleni mikono mitupu, au na sarafu ya kununulia pipi. Akina mama wenzetu, hapo tutazame upya.

Kwa nini tunda?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Wengi huanza shule wakiwa nao. Maharage, kunde na mchicha vina madini ya chuma, ila mwili huyapata kwa shida. Vitamini C ya matunda huusaidia mwili kuyachukua, mradi viliwe pamoja. Basi mtoto anayekula makande shuleni, alile chungwa lake wakati huo huo. Pera lina vitamini C kuliko chungwa. Embe na papai huupa mwili vitamini A, nayo hulinda macho. Karanga chache pembeni huusaidia mwili kuipokea.

Kila msimu na tunda lake

Mwanzo wa mwaka tuna maembe. Masika yakiisha huja machungwa na machenza. Kiangazi kina ukwaju na ubuyu. Tuyanunue sokoni, maana kuchuma ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hakuruhusiwi. Ubuyu uwe mweupe, usiotiwa rangi wala sukari. Ndizi mbivu na mapapai hatuyakosi karibu mwaka mzima.

Namna ya kufunga

- Osha tunda kwa maji safi kabla ya kulimenya, ili uchafu wa ganda usiingie na kisu.
- Kwa joto letu, tunda lenye ganda lake ni salama zaidi: ndizi, chenza, embe dogo. Papai lililokatwa liliwe mapema, mapumziko ya saa nne.
- Tumia kopo safi lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.
- Tunda peke yake halishibishi. Weka na kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha.
- Mkumbushe mtoto kunawa mikono kabla ya kula.

Tenga kabla ya kuuza

Tunajua embe ni chumvi, sabuni na daftari. Hatusemi tusiuze. Tunasema kabla fungu la kwanza halijapangwa, la mtoto liwe limetengwa. Tukiuza yote kisha tukampa sarafu, tumebadilisha chakula kwa pipi.

Katika Yohana sura ya 6 tunasoma habari za mvulana aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili. Maandiko hayamtaji aliyemfungia chakula kile. Bwana Yesu alikipokea, akawashibisha watu elfu tano, kisha akaagiza mabaki yakusanywe, yakajaa vikapu 12. Ikiwa Bwana hakuacha makombo yapotee, sisi tusiache maembe yaoze huku mtoto ana njaa darasani. Kesho asubuhi, kabla hajatoka, tutie tunda moja katika mfuko wake.