Jafo na Mkaa wa Kisarawe

Alfajiri katika barabara ya Pugu, pikipiki zinateremka kutoka Kisarawe zikiwa na magunia ya mkaa nyuma ya dereva. Zinawahi majiko ya Dar es Salaam. Wengi katika vijiji vya wilaya hiyo wamesomesha watoto na kuezeka mabati kwa tanuru za mkaa, na hao ni wapiga kura wa Selemani Jafo, mbunge wa CCM tangu 2010.

Watanzania wengi walimfahamu akiwa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa: naibu waziri tangu Desemba 2015, waziri kamili kuanzia Oktoba 2017. Siku moja utamsikia yuko kwenye kituo cha afya kinachojengwa, siku nyingine anahoji thamani ya madarasa. Lakini kwangu mtihani wake mkubwa ulianza Machi 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipomhamishia Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira. Mbunge wa jimbo linalochoma mkaa akawa ndiye msemaji wa serikali dhidi ya ukataji miti.

Hakukwepa. Akiwa katika wizara hiyo, serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024. Shule, magereza na kambi zikaanza kuulizia gesi na majiko banifu. Naliheshimu agizo lile, maana lilianzia kwa wenye uwezo wa kubadilika, wala halikuanza kwa kumkamata mama lishe.

Hata hivyo, halikuligusa gunia la Pugu. Mteja wa gunia hilo ni kaya ya Temeke au Ubungo inayonunua mkaa kwa kopo, kwa sababu fedha ya kujaza mtungi haipatikani kwa mkupuo. Kaya hiyo hiyo ndiyo inayolalamika maji yakikatika Mto Ruvu unapopungua. Tena Kisarawe yenyewe inanywa Ruvu: Juni 2020 Rais Magufuli alizindua mradi unaoleta maji ya mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi wilayani Kibaha, kupitia Kibamba hadi Kisarawe mjini. Mto huo unaanzia milima ya Uluguru, na msitu unaofyekwa kando ya njia yake kabla haujafika Mlandizi ni hasara ya bomba hilo.

Julai 2024 Jafo alihamishiwa Wizara ya Viwanda na Biashara, alikokaa hadi 2025. Na kwenye viwanda ndipo ningetaka wapiga kura wake wambane. Kisarawe ina muhogo na ina korosho. Kijana anayefukia tanuru porini ataiacha siku atakapouza muhogo kwa bei inayoshinda gunia la mkaa, na muhogo huo unahitaji mashine ya kuusindika karibu na shamba, barabara inayopitika masika, na mnunuzi wa uhakika. Haya yote mbunge anaweza kuyadai bungeni na kwenye baraza la madiwani, awe waziri au asiwe.