Kisu cha Mjerumani: Namna ya Kukitambua na Kukadiria Thamani Yake

Katika bonde la Bugwema, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Mkoa wa Mara, si ajabu kukuta ndani ya sanduku la mzee kisu kidogo cha kukunja ambacho ukoo mzima hukiita "kisu cha Mjerumani". Husemwa kwamba kilitoka kwa askari wa boma la Shirati au la Ikoma. Na kwa kuwa uvumi wa mali zilizofichwa na Wajerumani haujakwisha nchini, hakosekani mtu wa kukitajia bei. Mnunuzi aweza kumpunja mwenye kisu cha thamani. Lakini pia mwenye kisu aweza kukataa fedha za haki akingojea utajiri usiokuwapo. Katika hali zote mbili kinachokosekana ni ujuzi wa kukisoma kisu chenyewe.

Utawala wa Wajerumani katika Afrika ya Mashariki ulikoma kwa vita vya 1914–1918. Bidhaa zao hazikukoma. Kuanzia 1925 Wajerumani waliruhusiwa tena kuingia Tanganyika, wakiwamo wakulima na wafanyabiashara, na vyombo vya chuma kutoka kwao viliendelea kuuzwa madukani. Kwa hiyo kisu chaweza kuwa cha Kijerumani kweli bila ya kuwa cha enzi ya Wajerumani. Kumbukumbu za ukoo huyachanganya mambo haya mawili kwa urahisi, chuma hakiyachanganyi.

Mahali pa kuanzia ni shina la bapa, yaani ile sehemu fupi isiyo na makali karibu na mpini. Hapo ndipo mtengenezaji hupiga chapa yake. Neno linaloonekana mara nyingi ni "Solingen", mji ulio karibu na mto Wupper ambao mafundi wake wamefua panga na visu kwa karne nyingi. Tangu 1938 sheria ya Ujerumani imelilinda jina hilo lisitumiwe ovyo. Maneno "Made in Germany" yana historia yake pia: mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa ili mnunuzi asidanganywe kuhusu asili ya kitu kilichotoka nje, na viwanda vya Ujerumani vikaanza kuyapiga maneno hayo kwa Kiingereza. Maneno hayo peke yake, basi, hayathibitishi wala hayakanushi enzi ya ukoloni. Lakini kisu chenye "West Germany" au "W. Germany" hakiwezi kuwa cha kabla ya 1949, kwa sababu nchi yenye jina hilo haikuwapo. Vivyo hivyo neno "rostfrei", yaani kisichoshika kutu: chuma cha namna hiyo kilipatiwa hataza na kampuni ya Krupp mwaka 1912, nacho kilichukua muda kufika katika visu vya mfukoni. Babu aliyepewa kisu hicho na askari wa Ikoma mwaka 1905 hakupewa kisu hicho. Kama shina la bapa lina neno "Sheffield" pamoja na alama ya mshale, kisu si cha Mjerumani kabisa. Ni cha jeshi la Uingereza.

Baada ya maneno, picha. Watoto mapacha ni chapa ya Henckels, iliyoandikishwa Solingen mwaka 1731. Mti ni chapa ya Böker, na kichwa cha puma ni cha kampuni yenye jina hilohilo, ambayo kuanzia 1964 imekuwa ikivipiga visu vyake namba ambayo ndani yake mwaka wa kutengenezwa waweza kusomwa. Paka anayeruka pamoja na herufi K55K ni kisu cha Mercator, chenye mpini wa bati la chuma lililokunjwa na kupakwa rangi nyeusi.

Chapa inayomhusu zaidi msomaji wa Afrika ni Okapi. Mnyama huyu wa misitu ya Ituri, Kongo, alipewa jina la kisayansi mwaka 1901, baada ya Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza katika Uganda, kupeleka ngozi na mafuvu Uingereza. Mwaka uliofuata jina lake lilikuwa tayari juu ya visu vya Solingen vilivyokusudiwa kuuzwa katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Mpini wake ni wa mti, mara nyingi umepambwa kwa mwezi na nyota za madini, na wengi hukijua kwa pete ya kufungulia na mlio wa meno yake kinapokunjuliwa. Hata hivyo mwishoni mwa miaka ya 1980 mitambo na chapa hiyo vilihamia Afrika ya Kusini, na visu hivyo bado vinatengenezwa huko. Okapi isiyo na neno "Germany" isichukuliwe kuwa ya kale kwa sababu tu mpini wake umechakaa. Jembe la mwaka juzi nalo huchakaa.

Kuhusu thamani, msomaji asitarajie miujiza. Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 hugombewa na wakusanyaji wa dunia nzima. Kisu cha kawaida kilichotumika hakimo katika daraja hiyo. Mkusanyaji hulipia mtengenezaji mwenye sifa, bapa ambalo halijaliwa na jiwe la kunolea, springi inayolifunga bapa kwa mlio mkavu, na sehemu zote kuwa za asili. Ribiti mpya katika mpini wa kale hupunguza bei. Chapa nayo itazamwe kwa kioo cha kukuzia: ile ya kiwandani hupigwa kabla ya chuma kuimarishwa kwa moto, hivyo herufi zake zina kingo laini; ya kughushi kwa kalamu ya umeme huonyesha mikwaruzo na vitone. Mpini wa seluloidi ukisuguliwa hadi upate joto hutoa harufu ya kafuri. Usijaribiwe kwa sindano ya moto, kwani seluloidi huwaka kwa nguvu.

Adui mkubwa wa thamani hiyo ni msasa. Wenye visu huving'arisha ili vipendeze machoni pa mnunuzi, nao hufuta chapa ambayo kina chake ni sehemu ndogo tu ya milimita. Ule weusi unaolifunika bapa la zamani ni utando mwembamba ulioshikamana na chuma, nao hulipunguzia kutu. Kutu nyekundu ni kitu kingine: hufura, huachia nafasi, na maji huingia hadi ndani. Hiyo iondolewe kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine, polepole, bila ya kugusa shina la bapa. Kisha kisu kifungwe katika kitambaa kikavu, wala si katika ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu na dawa zilizotumika kuilainisha hula chuma. Pamoja nacho iwekwe karatasi yenye jina la aliyekipata kwanza, mahali na mwaka, kama alivyosimulia mzee mwenyewe angali hai.