Jahazi Juu ya Kabati: Kuichambua Ishara katika Maisha ya Fundi Mhamiaji

Katika majibu ya fasihi, Karatasi ya Tatu, kosa ninalokutana nalo kila nikisahihisha swali la ishara ni lile lile. Mtahiniwa anakitaja kitu, anakipa maana moja, kisha anakimbilia hoja inayofuata. "Jahazi ni ishara ya kumbukumbu." Kumbukumbu ya nini? Kwa nini jahazi, na si picha ya mama ukutani? Hapo ndipo alama zinapopotea.

Hebu tufanye mfano pamoja. Mhusika wetu ni fundi seremala kutoka Lamu. Anaishi chumba kimoja Shauri Moyo na kuunda vitanda na makabati Gikomba. Juu ya kabati lake kuna jahazi dogo aliloliunda kwa mikono yake. Kila anayeingia huuliza bei. Haliuzwi.

Usianze na jahazi. Anza na chumba. Mitaa ya Eastlands ya enzi ya ukoloni ilijengewa wafanyakazi Waafrika, na wengi wao walihesabiwa kama wanaume wasio na familia: waje, wafanye kazi, warudi kwao. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande. Jina Kariokor lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita hivyo. Nayo Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa; baadhi ya waliokuwa na nyumba zao huko wakajikuta wapangaji. Kwa hivyo mwandishi akimweka mhamiaji katika chumba cha mtaa huo, anakuonyesha mahali ambapo hapakukusudiwa mtu azeeke. Na tazama kinaya: fundi anaunda vitanda vya maharusi wa watu, ilhali mkewe yuko Lamu.

Sasa njoo kwenye jahazi, na ulitazame kwa makini. Gikomba fundi huyu anafanya kazi ya haraka: mbao za saiprasi, misumari, vanishi, mteja achukue. Jahazi halikuundwa hivyo. Ameanza na mkuku, akapanga mataruma, akafunika ubavu ubao kwa ubao, akasimamisha mlingoti na kufunga foromali. Huo ndio mpangilio wa ujenzi wa chombo kamili. Jahazi dogo, basi, ni ufundi aliofundishwa kwao ambao Nairobi haumpi riziki. Asipouweka mahali, utamtoka mikononi.

Hoja hii si ya kubuni tu. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari, na tanga lake lilikuwa mkeka. Ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Watafiti waliotaka kujua ulivyoundwa walitegemea sana mitepe midogo iliyotengenezwa na mafundi wa zamani. Chombo kikubwa kilioza, kidogo kikabaki na siri ya mshono. (Usiuandike mtepe kwenye jibu lako kama kitabu hakiutaji. Nimeueleza ili uelewe, na mtahini husahihisha yaliyomo kitabuni.)

Linganisha basi majibu mawili. La kwanza: "Jahazi linaashiria kuwa fundi anapakumbuka kwao." Si uongo, lakini ni jepesi. La pili: "Jahazi linaashiria ujuzi ambao fundi hawezi kuutumia mjini, ndiyo maana anakataa kuliuza ingawa huuza kila kitu kingine anachokiunda." Jibu hili limeeleza maana, likaleta ushahidi kutoka kwa tendo la mhusika, na limetaja tofauti kati ya jahazi na kitanda. Ukiongeza kuwa tanga limekunjwa, au kwamba jahazi limeelekeza omo dirishani, utakuwa umesoma kama mtu aliyekaa chumbani humo.

Zoezi: Kodi ya miezi miwili haijalipwa. Mnunuzi amerudi, na bei aliyoitaja inatosha kulipa yote. Mwanawe fundi, aliyezaliwa Nairobi na hajawahi kuiona bahari, anamwambia, "Baba, si utaunda lingine?" Eleza jinsi maana ya jahazi inavyobadilika fundi akikubali, na akikataa. (alama 10)