Twende Tukaone kwa Macho Yetu

Msomaji mpenzi, bila shaka hapo kijijini kwako, iwe Masasi chini au Newala juu, wako vijana wasiochoka kusimuliana maajabu: vyombo vya kwenda kwenye nyota, watu wa dunia nyingine, wanyama wakubwa kuliko nyumba. Wengine wameyasoma vitabuni, wengine wameyaona katika mabanda ya video. Mzee akisikia husema, "Acheni upuuzi, shikeni majembe." Leo tulizungumze jambo hili polepole, maana ndani ya huo unaoitwa upuuzi imo mali yetu wenyewe.

Hadithi za namna hiyo huitwa hadithi za kubuni za kisayansi. Mtungaji hushika jambo moja la elimu, kisha hujiuliza, "Je, ingekuwaje?" Mfaransa Jules Verne alitoa kitabu mwaka 1864 juu ya watu walioshuka ndani ya ardhi wakakuta wanyama wa kale wangali hai. Mwaka 1912 Arthur Conan Doyle wa Uingereza akasimulia habari za uwanda wa juu uliozungukwa na magenge, ambako dinosaria walikuwa bado wanaishi. Wewe uliyewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala, ukatazama chini bonde la Ruvuma, huna shida kuufikiri uwanda wa namna hiyo!

WAPENZI WA HADITHI HUSAFIRI PAMOJA

Wenzetu wa Ulaya na Marekani waliozipenda hadithi hizo hawakukaa kila mtu na kitabu chake. Waliunda vyama. Januari 1937 watu wachache walikutana katika mji wa Leeds, Uingereza. Julai 1939 wengine wapatao 200, wengi wao vijana, walikutana New York. Kwa nini New York? Kwa sababu mwaka ule palikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na shabaha yake ilikuwa kuonyesha ulimwengu wa kesho. Wakasema, tukutane huko, tujadiliane, kisha tukatazame. Forrest Ackerman na mwenzake Myrtle Douglas walitoka Los Angeles, wakavuka nchi nzima, wakaingia mkutanoni wamevaa mavazi ya karne zijazo aliyoyashona Myrtle.

Ukitaka kucheka, cheka. Lakini itazame hekima yao: husoma, huchanga fedha, husafiri pamoja, hutazama, na wakirudi huzungumza walichokiona. Mkutano huo umedumu, ila ulisimama miaka ya vita, 1942 hadi 1945.

MJUSI ALIYETOKA KWETU

Sasa sikiliza. Mwaka 1993 ilitoka sinema ya Jurassic Park, na mnyama mkubwa wa kwanza anayewashangaza wageni mle ndani ana shingo ndefu kama mnazi. Jina lake ni Brachiosaurus. Jina hilohilo alipewa mwaka 1914 mnyama aliyechimbwa Tendaguru, mkoani Lindi. Siku hizi wataalamu wengi humwita wetu Giraffatitan, kwa kuwa wameona anatofautiana na yule wa Marekani. Bali sisi twamjua kama mjusi wa Tendaguru.

Kilima cha Tendaguru kiko yapata kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 Mjerumani Bernhard Sattler, aliyekuwa akitafuta madini, aliona hapo mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 ikafanyika kazi kubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Wazungu walikuwa wachache. Waliochimba walikuwa watu wa kusini, mamia kwa mamia. Mifupa ilikuwa imegeuka mawe. Ikafungwa kwa plasta na mianzi isivunjike, ikabebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka Lindi, ikapakiwa merikebuni. Jumla ilipita tani 200! Fikiri mzigo huo, msomaji, wewe unayejua uzito wa gunia moja la korosho.

Mwaka 1937 mjusi huyo alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, na yuko huko hata leo. Urefu wake kwenda juu umepita meta 13. Umri wake ni kama miaka milioni 150. Watu wa nchi zote humwendea, watoto kwa wazee. Nao wajukuu wa wale wachukuzi? Wengi hawajasikia hata jina la Tendaguru. Habari ya kumrudisha imezungumzwa mara nyingi nchini, hata bungeni. Lakini nani atakidai kwa nguvu kitu asichokijua?

Yafaa watoto wetu wajue pia kuwa wale wazee hawakusahauliwa kabisa. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje.

TUFANYEJE BASI?

Berlin ni mbali. Hata hivyo tusiseme hakuna la kufanya. Anzisheni chama kidogo cha safari: vijana kumi, wazazi wawili, mwalimu mmoja. Wekeni akiba kidogo kidogo kama mfanyavyo katika vikoba, na hasa korosho zinapouzwa.

Safari ya kwanza isiwe na nauli. Nendeni kwa mchonga vinyago wa karibu, mkae, mumwulize habari za mashetani anayoyatoa katika mti. George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alikuwa mtu wa viumbe vya namna hiyo, vyenye masikio makubwa na midomo mipana. Kazi zake zilitazamwa Ulaya na Marekani. Watoto wataona kwamba kubuni viumbe visivyoonekana si kazi ya wageni peke yao.

Safari ya pili iwe Lindi, kwa njia ya Ndanda na Mingoyo. Wasimame pwani, waambiwe, "Hapa ndipo mifupa ilipoondokea."

Ya tatu, fedha zikitosha, iwe Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa, barabara ya Shaaban Robert. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1940. Waulizieni habari za fuvu la Zinjanthropus, alilolivumbua Mary Leakey huko Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Fuvu hilo lilipelekwa nje kuchunguzwa, likarudishwa Tanzania mwaka 1965. Basi kitu kikiondoka chaweza kurudi.

Kabla ya kuondoka, kila mtoto aandike maswali matatu katika daftari. Huko asikimbie chumba hata chumba. Heri kutazama vitu vitano vizuri kuliko mia kwa haraka. Mkirudi, fanyeni kikao chini ya mwembe, wasimulie mbele ya wazazi na wale waliokosa nauli. Kikao hicho ndicho faida ya safari, maana mmoja akiona, kijiji kizima kinaona.

Neno moja la mwisho. Ukilima ukakuta mfupa uliogeuka jiwe, usiuvunje wala usiuuze. Vitu hivyo vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Uache pale pale ulipo, uweke alama, umwarifu mtendaji wa kijiji. Mzigo wa kwanza ulikwenda zake bila wengi wetu kuuelewa. Ukitokea mwingine, na utukute macho.